Lugha ya Mazingira katika Mabweni ya Vyuo Vikuu: Mfano wa Jinja na Mbale, Mashariki mwa Uganda

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu utunzaji wa mazingira vyuoni huelekea zaidi kwenye majengo, mitambo na bajeti. Makala haya yanaeleza kipengele kinachopewa nafasi ndogo, yaani lugha inayotumika kumwelekeza mwanafunzi namna ya kutumia maji, umeme na jalala la bweni lake. Hoja kuu ni kwamba agizo lisilotaja kitu kwa jina ambalo wakazi hulitumia haliwezi kubadili mazoea yao, hata kama sera iliyolizaa ni nzuri.

2. Jamii ya bweni

Mbale ni makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, na pia ya Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2013. Katika mabweni ya mji kama huu, wasemaji wa Lumasaba, Lusoga, Luganda na Kiteso huishi pamoja na wenzao kutoka nchi jirani. Wanafunzi hao hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa kawaida matangazo ya ukutani pia huwa kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo ya jikoni na ya foleni ya maji huwa kwa lugha nyingine.

Hali ya Kimaka, mjini Jinja, inatoa ulinganisho wa manufaa. Hapo pana chuo cha maofisa waandamizi wa jeshi, ambacho hupokea pia maofisa wa nchi jirani. Kiswahili kina historia ndefu kama lugha ya jeshi nchini Uganda. Hivyo, lugha ambayo raia wengi huiona kuwa ngeni tayari inawaunganisha watu wa asili mbalimbali katika mtaa huohuo.

3. Istilahi na mkono wa mtumiaji

Kutafsiri matangazo kwa Kiswahili pekee hakutoshi. Chukua istilahi "taka ngumu". Kwa mtaalamu, istilahi hii hujumuisha ganda la ndizi, karatasi na mfuko wa plastiki. Kwa mwanafunzi asiyeijua istilahi hiyo, "ngumu" ni kinyume cha "laini", na ganda la ndizi ni laini. Pipa lililoandikwa hivyo litajazwa kwa kubahatisha. Maneno "zinazooza" na "zisizooza" hueleza hatima ya kitu, nayo hueleweka bila kamusi.

Mfano wa pili ni mfuko mwepesi wa plastiki, ambao Uganda nzima huuita kaveera. Sheria ya Mazingira ya Taifa ya mwaka 2019 inapiga marufuku mifuko ya plastiki yenye unene wa chini ya mikroni 30. Tangazo linalosema "plastiki" huweza kumfanya msomaji afikirie ndoo na madumu. Linalosema "kaveera" humfanya atazame alichoshika. Kadhalika, "Okoa nishati" ni wito wa jumla, lakini "Zima taa na chomoa pasi utokapo" ni kitendo.

4. Kwa nini suala hili ni zito

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Chanzo chake kilikuwa mvua kubwa, na haitakuwa haki kuwabebesha wanafunzi lawama. Hata hivyo, mtaro uliozibwa na taka hupitisha maji kidogo kuliko ulio wazi, na taka za bweni lisilo na utaratibu huishia mitaroni. Kwa hiyo, maneno yaliyo juu ya pipa yanagusa usalama wa jirani anayeishi bondeni.

5. Mapendekezo

Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Mabweni yanaweza kuipa sera hiyo kazi ya kila siku. Kwanza, matangazo yaandikwe kwa Kiswahili sambamba na Kiingereza, yakikubali majina ya mahali kama kaveera. Pili, wakazi wenyewe washirikishwe kuyatunga, kisha wengine waulizwe wameelewa nini kabla hayajabandikwa. Tatu, idara za Kiswahili zifanye kazi hiyo kuwa zoezi la wanafunzi wa tafsiri.

6. Hitimisho

Neno "mazingira" linatokana na kuzingira. Kwa mkazi wa bweni, kinachomzingira kwanza ni chumba, bomba, jalala na mtaro ulio nyuma ya jengo. Sera itakayovitaja vitu hivyo kwa majina yake ndiyo itakayosikika.