Mgonjwa Wetu Asifichwe: Namna Familia Zinavyoweza Kuleta Matibabu ya Akili Karibu na Nyumbani



Katika matembezi yetu vijijini, huku Kisii na kule Nyamira, kuna swali ambalo haliulizwi mkutanoni. Linaulizwa mkutano ukishaisha, mtu akituvuta pembeni. Mama anasema kwa sauti ya chini: "Niko na kijana wangu nyumbani. Shuleni alikuwa mwerevu sana. Sasa anaongea peke yake, usiku halali, na ukimpa chakula anasema kina sumu. Nifanye nini?" Baadaye kidogo mzee mwingine anakuja. Kijana wake amemaliza bonasi ya majani chai kwa chang'aa, na sasa anatetemeka asubuhi mpaka apate ya kwanza.

Kila mmoja anafikiri ni yeye peke yake. Na kumbe katika mkutano huo huo wako wanne au watano wenye shida ile ile, wamekaa benchi moja na hawajuani.

Katika toleo hili tunataka kusema jambo moja: familia inayomtunza mgonjwa kwa siri inachoka, na mgonjwa haponi. Lakini familia zikijuana na kusema kwa sauti moja, matibabu yanaweza kuletwa karibu. Tueleze namna gani.

SI LAANA, SI UCHAWI

Sisi Abagusii tuna chinsoni. Ni jambo zuri, inatufundisha heshima. Lakini heshima hiyo ikigeuka kuwa aibu, inafunga mlango. Mgonjwa anawekwa nyumba ya nyuma. Wageni wakija anafichwa. Wengine hata wanafungwa kamba au mnyororo, si kwa ukatili, bali kwa sababu familia imeshindwa.

Halafu tunatafuta wa kulaumu. Tusijidanganye, hapa kwetu lawama hiyo imemwaga damu. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa moto wakisingiziwa uchawi. Mwaka wa 2008 pia wazee kadhaa wa Kisii walikufa hivyo hivyo. Na mara nyingi mzee anayeshukiwa ni yule anayetembea usiku akisema maneno yasiyoeleweka. Omongina wa namna hiyo huenda ana ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha nyumbani.

Wazee wetu wa zamani walijua kwamba kichwa kinaweza kuumia na kutibiwa. Ndiyo maana kulikuwa na ababari, wale mafundi wa kupasua kichwa ambao habari zao zilifika mpaka ng'ambo. Hatusemi turudi huko. Tunasema tu kwamba ubongo ni kiungo cha mwili. Unaweza kuugua kama tumbo au mapafu yanavyougua.

Magonjwa yenyewe ni mengi. Kuna mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kuna aliyezama katika huzuni mpaka hawezi kushika jembe. Kuna mama aliyejifungua juzi na hataki kumtazama mtoto. Kifafa nacho si wazimu, wala hakiambukizi kwa povu. Ni ugonjwa wa ubongo na una dawa za vidonge.

Na maombi je? Tuombe, ndiyo. Maombi na dawa havigombani. Wengi mnaijua habari ya yule mtu wa makaburini katika Marko sura ya tano. Watu walimfunga minyororo na haikusaidia kitu. Alipopona aliambiwa arudi nyumbani kwa watu wake. Hilo la kurudi nyumbani ndilo tunalolifuata hapa.

POMBE NA BANGI NI UGONJWA PIA

Tukimwona mlevi tunasema, "Aache tu, ni kichwa ngumu." Lakini mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, mwili wake umeshazoea pombe. Akikatiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuona vitu visivyokuwepo, na hata kuanguka kifafa. Anaweza kufa. Kwa hiyo msimfungie ndani "mpaka imtoke." Mpelekeni hospitalini; kuna dawa za kumsaidia katika siku hizo za kwanza.

Bangi nayo, hasa kwa kijana aliyeanza mapema, inaweza kuamsha ugonjwa wa akili au kuuzidisha. Na mara nyingi haya mawili yako pamoja: mtu anakunywa ili zile sauti zinyamaze, na kunywa kunazidisha sauti. Ukitibu moja na kuacha jingine, umefagia nusu ya nyumba.

Mtu aliyeacha akarudia, msimkatie tamaa. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu. Ni kama malaria inavyoweza kurudi, tunatibu tena. Kwa ushauri, NACADA ina simu isiyolipiwa, nambari 1192.

KWA NINI MATIBABU YAWE KARIBU?

Kwa miaka mingi, ugonjwa wa akili katika Kenya ulimaanisha Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka wa 1910. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 300. Hebu fikirini nauli ya mgonjwa na watu wawili wa kumshika, kwenda na kurudi. Wengine waliuza ng'ombe. Mgonjwa alipata nafuu, akarudi, dawa zikaisha, na hakuna wa kumpa nyingine. Miezi michache, amerudi pale pale.

Shida iko hapo. Magonjwa mengi ya akili yanahitaji dawa kwa muda mrefu, kama presha na sukari. Vidonge vya huzuni huchukua majuma kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Kuna sindano inayodungwa mara moja kwa mwezi, inayomfaa anayesahau vidonge. Hayo hayahitaji Nairobi. Yanahitaji zahanati iliyo na dawa, muuguzi aliyefundishwa, na familia inayojua inachofanya.

Hapa kwetu Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii ina kitengo cha afya ya akili. Hiyo ni ya wale waliozidiwa. Chini yake kuna hospitali ndogo, vituo vya afya na zahanati, na kijijini kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwazindua upya nchi nzima Septemba 2023. Mhamasishaji huyo anapita nyumbani kwako. Mwambie ukweli, usimwonyeshe watoto peke yao huku mgonjwa amefichwa jikoni.

Na nyumba yenyewe ni dawa. Utafiti ulioanza London katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya kufokewa na kulaumiwa kila siku huugua tena upesi kuliko yule anayerudi kwenye nyumba tulivu. Basi sema naye polepole. Usimbishie kuhusu zile sauti wala usimcheke. Mpe kazi ndogo anayoiweza, kama kuchuma majani chai kidogo au kuchota maji. Shingo au ulimi ukikakamaa kwa sababu ya dawa, msiziache. Rudini kwa daktari siku hiyo hiyo azibadilishe au apunguze.

Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Fungieni mbali dawa za shamba na kamba, mpelekeni hospitalini. Zamani watu waliogopa kwa sababu sheria ilisema aliyejaribu kujiua afungwe. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

WENGINE WALIANZAJE?

Msidhani hii ni kazi ya wasomi. Huko Marekani, katika mji wa Madison, mama wawili, Harriet Shetler na Beverly Young, kila mmoja alikuwa na kijana mgonjwa. Walikutana, wakaongea, wakatafuta wazazi wengine. Mwaka wa 1979 ukazaliwa muungano wa familia za nchi nzima, na leo hata wabunge wanausikiliza. Ulianza kwa mama wawili waliochoka kunyamaza.

Huko Harare, Zimbabwe, tangu 2006 Daktari Dixon Chibanda amefundisha kina nyanya kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Nyanya hao si madaktari. Walakini utafiti uliotolewa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba watu walioketi nao walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida tu.

Na karibu zaidi, kule Makueni, shirika la utafiti la Profesa David Ndetei lilifundisha wauguzi na wahudumu wa jamii, likawaketisha pamoja na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, ili mgonjwa akienda kwa yeyote kati yao aelekezwe kliniki. Kama imewezekana Makueni, kwetu kuna nini?

SHERIA IKO UPANDE WETU

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka wa 2022, na sasa inazitaka kaunti zitoe huduma za afya ya akili katika vituo vyao na katika jamii. Inasema mgonjwa ana haki ya kutibiwa, ya kuelezwa matibabu yake na kushiriki kuyapanga, na ya kutobaguliwa. Kwa hiyo tukiomba dawa hatuombi msaada. Tunadai haki.

Lakini haki bila pesa kwenye bajeti ni maneno tu. Sikilizeni tarehe hizi, mziandike kwenye daftari la kikundi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Karatasi ya mwelekeo wa matumizi, kabla ya Februari 28. Makadirio ya bajeti, kabla ya Aprili 30. Mwaka wa pesa unaanza Julai 1. Mikutano ya wananchi katika wodi hufanywa kabla ya tarehe hizo. Mkija Juni mtakuta ng'ombe ameshagawanywa.

Kisii ina wodi 45 na Nyamira 20. Mara nyingi katika mikutano hiyo watu wanaomba barabara na daraja. Ni vizuri. Lakini kama hakuna anayesimama kusema, "Sisi familia kumi tuna wagonjwa, na dawa hazipo zahanati yetu," karani ataandika barabara.

HATUA ZA KIKUNDI

1. Anzeni kwa kusema. Mwenyekiti au mtu anayeheshimiwa aseme kwanza habari ya nyumba yake. Akisema omogaka, wengine watafuata. Mambo ya watu yasitoke nje ya kikundi.

2. Wekeni daftari la kila mgonjwa: analala vipi, anakula vipi, amekunywa au la, dawa gani, lini ziliisha. Daktari ana dakika chache. Daftari litamsaidia kuliko hadithi ndefu.

3. Hesabuni siku ambazo dawa hazikupatikana zahanati, na nauli mliyotumia. Hesabu hizi ndizo mtakazosoma mkutanoni.

4. Fanyeni risaga kwa nyumba iliyo na mgonjwa. Mama asiyelala usiku akilimiwa shamba siku moja, amepata dawa naye.

5. Tengeni kidogo kwenye mchango wa kila juma kwa nauli ya kliniki.

6. Angalieni karatasi. Wagonjwa wengi waliugua kabla ya kuchukua kitambulisho, na bila hicho kujiandikisha SHA ni shida. Pelekeni majina kwa naibu chifu. Kikundi nacho kisajiliwe chini ya sheria ya vikundi ya 2022. Watu 10 wanatosha.

7. Andikeni barua fupi kwa afisa wa afya wa kaunti na kwa MCA wenu, mbaki na nakala. Ombeni mambo matatu tu: dawa zisikosekane zahanati, muuguzi wa afya ya akili aje siku moja kila mwezi, na wahamasishaji wafundishwe. Mkiomba ishirini hamtapata hata moja.

8. Mgonjwa aliyepata nafuu aende nanyi mkutanoni, akitaka mwenyewe, na aseme kwa mdomo wake.

Hatuwaahidi kwamba mtasikilizwa mara ya kwanza. Pengine mtaambiwa mrudi mwakani. Basi rudini mwakani, na daftari likiwa limejaa zaidi, na mkiwa wengi zaidi.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Katika kijiji chetu, mgonjwa wa akili anaitwa majina gani? Ungesikiaje kama ni mtoto wako?
- Zahanati yetu ina dawa gani za akili na za kifafa leo? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
- Mkutano wa bajeti wa wodi yetu ni lini, na nani atasimama?
- Yule mama anayekuja kutuuliza pembeni: tufanye nini ili aweze kuuliza mbele ya wote?

Andikeni majibu yenu mtuletee. Tutayasoma pamoja na vikundi vingine.