Upepo wa ziwa hukupeleka, haukurudishi

Ukisimama ufuoni mjini Homa Bay mwendo wa saa nane mchana, utauhisi upepo ukikupiga usoni kutoka ziwani. Alfajiri mambo huwa kinyume, kwani upepo mwororo hutoka nchi kavu ukielekea majini. Sababu yake si uchawi. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya juu yake ikapanda, na hewa baridi ya ziwa ikaja kuchukua nafasi hiyo. Usiku ardhi ndiyo inayopoa haraka, na upepo hugeuka. Wavuvi wa Ghuba ya Winam waliijua saa hii kabla ya kuwapo kwa injini. Walitweka matanga mapema upepo wa nchi kavu ukawapeleka kilindini, na alasiri upepo wa ziwa ukawaleta nyumbani na samaki wao.

Nimeanza na upepo kwa kuwa mchezo ninaotaka tuuzungumzie leo hauna injini nyingine. Huenda umewahi kuwaona watalii kule Diani au Watamu wakivutwa juu ya mawimbi na tiara kubwa. Huenda pia umeuona ule ubao mrefu ambao mtu husimama juu yake akipiga kafi. Siku hizi kuna mbao za kujazwa hewa kwa pampu, ambazo zikikunjwa hutoshea katika buti la gari. Sasa wapo wanaoviunganisha viwili hivi. Mtu husimama au huketi juu ya ubao wake, huirusha tiara ndogo mbele yake, na upepo wa kutoka nyuma humkokota kilomita baada ya kilomita, kafi likiwa la kuongozea tu. Aghalabu huenda peke yake.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka wa 1987 Mmarekani Ed Gillet alivuka Bahari ya Pasifiki peke yake kutoka California hadi Hawaii katika mtumbwi mdogo wa kafi, akisaidiwa na tiara kila upepo ulipokubali. Alichukua siku 63, na chakula kilimwishia kabla ya kuiona nchi kavu. Alikuwa baharia mzoefu. Ikiwa wewe ni mfanyakazi wa ofisini Nairobi unayekwenda nyumbani likizoni, na unafikiria kuubeba ubao wako hadi Mbita ili upepo wa alasiri ukulete Homa Bay, kuna mambo ambayo mwili wako unapaswa kuyajua mapema.

Sikatai kwamba mchezo huu una faida. Kusimama juu ya ubao unaoyumba hufanyisha kazi misuli ya miguu, kiuno na mgongo ambayo kiti cha ofisi huisahau kabisa. Lakini ubaya wa upepo wa nyuma ni kwamba huficha mambo mawili: umbali na joto.

Tuanze na umbali. Tuseme tiara inakuvuta kilomita 8 kwa saa. Baada ya saa mbili, ukiwa hujachoka hata kidogo, uko kilomita 16 kutoka pale ulipoanzia. Hapo tiara inaanguka na kulowa, au kamba zake zinajisokota, nawe unaamua kurudi. Mtu aliyesimama juu ya ubao ni kama tanga, na upepo wa ziwa wa alasiri ukishika nguvu, kafi moja haliwezi kushindana nao. Mtu asiyelijua hili hupiga kafi kwa hofu, nguvu zikamwishia, akaanguka majini akiwa tayari amechoka. Ndiyo sababu nasema safari ya namna hii ipangwe kwa mwisho wake, si kwa mwanzo wake. Jua utashukia wapi, na ujue pia utashukia wapi iwapo hapo hapashukiki.

Na kweli huenda hapashukiki. Gugumaji, lililolivamia Ziwa Victoria miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990, husafiri kwa upepo uleule unaokuvuta wewe. Ghuba iliyokuwa wazi asubuhi huweza kuzibwa na zulia la kijani ifikapo alasiri. Ubao haupenyi humo, na ukishuka kutembea huzama. Isitoshe, viboko hupenda maeneo hayo ya kando kando. Waulize wavuvi wa ufuo unaotaka kushukia siku hiyohiyo, si wiki iliyopita.

Safari ya alfajiri ni mbaya zaidi, ingawa maji huwa yametulia na kushawishi. Upepo wa saa hizo hukusukuma kutoka pwani kwenda ziwa kuu, na kila dakika nchi kavu inazidi kuwa mbali. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba dhoruba kali za ziwa hili huzuka hasa usiku na kuendelea hadi asubuhi, na kwamba zitazidi makali kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi ya ziwa kwa ajili ya wavuvi. Utafute kabla ya kujaza ubao hewa. Na ukiona mawingu meusi yanajikusanya upande wowote, teremsha tiara. Kushika kamba ndefu iliyopanda angani wakati wa radi ni kuiita radi kwa jina.

Jambo la pili ni joto, na hili huwashangaza wengi. Unapokwenda na upepo kwa kasi inayoukaribia, huuhisi. Ngozi haipati ubaridi, jasho linakutoka, nawe u karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, miale ya jua ikikupiga kutoka juu na kutoka majini. Mtu hukaukiwa na maji mwilini huku amezungukwa na maji. Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, mkojo wa manjano iliyokolea, misuli kukaza na kizunguzungu, na kizunguzungu juu ya ubao ni kuanguka. Chukua maji ya kunywa yasiyopungua nusu lita kwa kila saa, na uongeze ya dharura. Ya ziwani usiyanywe bila kuyachemsha au kuyatibu, hata yakionekana safi. Vaa kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu na miwani ya jua, maana anayeangalia tiara hutazama juu karibu na jua muda wote. Ngozi nyeusi ina kinga kiasi, macho hayana. Shingo nayo italalamika kesho yake.

Kuanguka hakuepukiki, kwa hiyo vaa jaketi la kuokoa maisha na ulifunge vifungo vyote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 duniani walikufa maji, tisa kati ya kila kumi wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha wastani kama yetu. Jaketi lililofungwa juu ya ubao kama mzigo halimsaidii aliye majini. Vilevile jifunge kwenye ubao kwa kamba ya mguuni, kwani ubao mtupu hukimbizwa na upepo kuliko unavyoweza kuogelea, hata uwe bingwa.

Tiara ni habari nyingine. Kamba yake ifungwe kwenye ubao, kamwe isifungwe kwenye mwili wako, na iwe na kishikizo kinachofunguka kwa mvuto mmoja. Usiizungushe mkononi hata kidogo, kwa sababu upepo ukiongezeka ghafla, kamba nyembamba hukata vidole hadi mfupani. Beba kisu kidogo mahali ambapo mkono wowote unakifikia. Ukianguka, achilia tiara kwanza, panda juu ya ubao ulale kifudifudi, upumzike, kisha piga kafi kwa magoti kuelekea pwani ambayo upepo unakupeleka. Usiuache ubao ukaogelea. Hata maji ya ziwa letu, ambayo mtu huyaona ya vuguvugu, hunyang'anya mwili joto mara nyingi kuliko hewa. Aliyekaa ndani yake kwa saa nyingi, hasa jua likishatua, hutetemeka, mikono ikafa ganzi na akili ikapungua.

Kwenda peke yako hakumaanishi pasiwe na anayejua. Kabla ya kuondoka, mweleze mtu wa kamati ya ufuo, ile inayojulikana kama BMU, unakwenda wapi na utafika saa ngapi, na umpigie simu ukifika. Simu iwe ndani ya mfuko usioingia maji, na filimbi iwe shingoni. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo, au anayetumia dawa za kuleta usingizi asiende peke yake hata kidogo. Na ile chupa ya kujipa moyo iachwe nyumbani; ni afadhali moyo mdogo.

Kuna msafiri mwingine utakayerudi naye mjini bila kumwona. Kichocho cha matumbo kimeenea katika mwambao wa ziwa hili. Viluwiluwi vya minyoo yake hutoka kwenye konokono wa maji, hasa jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Konokono hao wako zaidi kandokando, kwenye magugu na maji yaliyotulia, yaani palepale unapoanzia na unaposhukia. Viatu vya majini na suruali ndefu hupunguza hatari, na kujifuta haraka kwa taulo husaidia kidogo, lakini hakuna kinga kamili.

Wiki chache baadaye unaweza kupata homa, kikohozi, vipele vya kuwasha na uchovu. Pima malaria mara moja, kwani Homa Bay ni eneo lake pia. Lakini usiishie hapo. Daktari wa Nairobi aliyemwona mgonjwa mwenye suti na homa huenda asifikirie ziwa, kwa hiyo mwambie mwenyewe kwamba uliingia majini, wapi na lini. Hata usipougua, nenda ukapimwe wiki sita hadi nane baada ya safari. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa lakini haiwezi ile michanga, ndiyo maana anayeimeza siku anayotoka majini bado anatakiwa kurudi hospitalini.