KULA BILA KIPIMO BAADA YA NJAA SI ULAFI



Siku za mwisho kabla ya mgao, wengi hupitisha kwa uji mwepesi. Posho ikishapokelewa, wapo wanaokula mpaka tumbo linauma na bado hawahisi shibe. Majirani huwaita walafi, au husema wamerogwa. Wengine husema ni minyoo, na hiyo hupimwa zahanati. Lakini mara nyingi sababu iko kwenye ubongo.

Mwaka 1945, Marekani, vijana 36 wenye afya walijitolea kula chakula pungufu kwa wiki 24 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Waliporuhusiwa kula watakavyo, baadhi yao walikula mpaka kutapika, na wakasema bado wana njaa. Hawakuwa walafi kabla ya hapo.

Ubongo una kemikali nyingi zinazoongoza njaa na shibe. Mojawapo ni serotonini, ambayo husaidia kutoa habari kwamba chakula kimetosha. Habari hiyo ikiwa dhaifu, mkono hurudi tena kwenye sahani. Kemikali hiyo huhusika pia na usingizi na huzuni, kwa hiyo mtu aliyefiwa au mwenye mawazo mengi anaweza kukosa hamu kabisa, au kula bila kipimo.

Serotonini hutengenezwa kutokana na triptofani, kirutubisho ambacho lazima kitoke kwenye chakula. Uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kuwa wanawake wakipunguza chakula kwa wiki 3 tu, triptofani katika damu yao hushuka. Mahindi yana triptofani kidogo; maharage, karanga, dagaa na mayai yana zaidi. Mwili huitumia pia kutengeneza vitamini iitwayo niasini. Huko Malawi mwaka 1990, karanga zilipokosekana kwenye mgao, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini unaochubua ngozi na kuharisha.

Maharage peke yake hayatamponya mtu anayekula bila kipimo. Hata hivyo, usiyauze yote. Tunajua yanauzwa kwa sababu ya shida. Bakiza ya kupikia nyumbani.

Gawa posho kwa siku, ule saa zilezile, hata kama ni kidogo. Ukila kupita kiasi leo, usijiadhibu kwa kushinda njaa kesho, kwani njaa hiyo ndiyo inayorudisha tatizo. Mtoto aliyekonda sana asishindiliwe chakula kwa mara moja, ni hatari kwa maisha yake; mpeleke kituo cha lishe.

Kama hali hii hukupata kila wiki kwa miezi 3, au unakula kwa kujificha, au unajitapisha, mwone mhudumu wa afya wa eneo lako au fika zahanati. Unaweza kuomba kuzungumza faragha.