Monita ya Zamani na Kompyuta Mpya



Baadhi yenu hununua monita za zamani kwa bei nafuu huko Kisenyi, mkaziunganisha na kompyuta mpya, na skrini ikabaki nyeusi. Tunawaomba msiitupe monita wala kumlipa fundi haraka. Kama taa yake ndogo inawaka, huenda monita ni nzima na kasoro iko kwenye maunganisho.

Monita nyingi za zamani hutumia VGA, iliyoletwa na IBM mwaka 1987. Plagi yake aghalabu ni ya buluu, ina safu tatu za pini na skrubu mbili za kukazia. Mwaka 2010 Intel, AMD na makampuni mengine yalitangaza kuiacha ifikapo 2015, kwa hiyo kompyuta mpya nyingi zina HDMI tu, tundu jembamba lisilo na skrubu.

VGA hupeleka picha kwa njia ya analogi na HDMI kwa dijitali. Mtakumbuka matangazo ya analogi yalipozimwa Kampala mwaka 2015: televisheni ya zamani haikuonyesha kitu bila dekoda. Hapa pia inatakiwa adapta yenye saketi ya kugeuza ishara hiyo. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili hauwezi kazi hiyo, hata ukiwa mpya kabisa.

Pesa hupotea hasa katika jambo hili: adapta hugeuza upande mmoja tu. Mwambieni muuzaji, "Nataka ya kutoka HDMI ya kompyuta kwenda VGA ya monita." Ile ya kutoka VGA kwenda HDMI hufanana nayo sana, lakini haitawafaa. Mwende na kompyuta yenu, adapta ijaribiwe kwenye monita ya dukani kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, maduka ni mengi.

Kabla ya kununua, angalieni nyuma ya monita. Ikiwa kuna tundu la DVI pia, ambalo mara nyingi ni jeupe na pana kuliko la VGA, mna bahati. Waya wa kawaida wa HDMI kwenda DVI unatosha, na picha huwa safi zaidi.

Ikiwa adapta ni sahihi na bado ni giza, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na P, mchague picha ionekane kwenye skrini zote mbili. Monita ikiandika kwamba haiwezi kipimo hicho, punguzeni ukubwa wa picha katika mipangilio hadi 1024 kwa 768, na kasi iwe hezi 60. Rangi moja ikikosekana, kazeni skrubu na mtazame kama kuna pini iliyopinda. Pini ya 9 mara nyingi haiwekwi kiwandani, kwa hiyo msidhani mmeuziwa waya mbovu.

Wenye monita nene za kioo kama televisheni za zamani, msizifungue kwa hali yoyote. Umeme mkali hubaki ndani hata baada ya kuchomoa plagi ukutani. Tena hula umeme mwingi kuliko zile bapa, na kwa anayetumia sola betri itakwisha mapema.