Mtoto Ametoka Maktaba: Nani Amemuuliza Alichoelewa?

Sisi akina mama tunaouza unga, mafuta ya mawese na vitenge ili kulipa minerval, bei ya mwaka mmoja wa chuo tunaijua vizuri. Lakini mtoto anafika mwaka wa TFC, anaingia maktaba, na hajui aanzie wapi.

Somo la maktaba huenda alipewa, saa moja mwanzoni mwa mwaka. Mwalimu akauliza, “Mmeelewa?” Wote wakajibu, “Ndiyo!” Nani atasimama mbele ya wenzake aseme kwamba namba zilizoandikwa mgongoni mwa vitabu ni fumbo kwake? Ananyamaza. Siku ya TFC inapofika, ananakili kazi ya waliomtangulia.

Kuna dawa ndogo ambayo maktaba nyingi duniani zinaitumia. Dakika tano za mwisho kila mwanafunzi anapewa kipande cha karatasi, haandiki jina, anajibu maswali mawili: umepata nini kitakachokusaidia? Nini bado hakijakaa sawa? Mwenye maktaba anazisoma zote siku ileile. Wengi wakiandika kwamba namba zinawachanganya, somo linalofuata linafanyika mbele ya rafu: 610 ni tiba, 630 ni kilimo, kwa hesabu ya Dewey, kisha kila mmoja atafute kitabu kwa mkono wake. Wakiandika kwamba kompyuta haiwapi kitu, wanaonyeshwa kwamba haifai kuiandikia swali zima kama vile “kwa nini mihogo yangu inaoza”. Waandike “mihogo” na “magonjwa”, tena kwa Kifaransa, maana vitabu vingi viko kwa lugha hiyo.

Kuuliza peke yake hakutoshi, na hili sisi wa Beni na Butembo tumelionja. Wakati wa Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, familia nyingi hazikuamini kilichomo ndani ya mifuko ya maiti. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiandika waliyoyasikia mitaani, hata maneno makali ya kuwatukana. Baadaye ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonea ndani, ili familia imtambue mtu wao kabla ya kumzika. Watu waliona neno lao limefanya kazi. Mwanafunzi naye aambiwe: mwezi uliopita mliandika hivi, kwa hiyo leo tunafanya hivi. Asipoambiwa, karatasi ya pili ataiacha tupu.

Vyuo tunavyo: Graben hapa Butembo tangu 1989, UCBC kule Beni. Lakini hata shule ya msingi yenye kabati moja la vitabu inaweza kuanza. Ukurasa mmoja wa daftari unakatwa vipande vinane. Mtoto ambaye bado hajui kuandika vizuri amwambie dada yake mkubwa amwandikie, lakini dada asirekebishe maneno.