Diski kubwa kwenye kompyuta ya zamani: kwa nini nafasi inapungua?

Unanunua diski kuu, ile ambayo wengi tunaiita hadi diski, yenye ukubwa wa TB 3. Unataka kuhifadhi video za harusi na kazi za wateja. Fundi anaifunga kwenye kompyuta yako ya siku nyingi, ukiiwasha inaonyesha GB 746 tu. Umetapeliwa? Si lazima. Mara nyingi diski ni nzima, ila kompyuta haiwezi kuihesabu yote. Leo tunaeleza sababu na la kufanya.

Upungufu wa kawaida

Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024. Kwa hiyo diski ya TB 1 husomeka GB 931, na ya TB 3 husomeka kama GB 2,794. Hapo hakuna kilichopotea. Ukiona pungufu zaidi ya hapo, endelea kusoma.

Namba zinapokwisha

Diski imegawanywa katika vyumba vidogo, na kila chumba kina namba yake. Utaratibu wa zamani wa kuorodhesha sehemu za diski, uitwao MBR, ulianza mwaka 1983, na namba zake zinaishia kwenye vyumba bilioni 4.29 hivi. Chumba kimoja kikiwa na baiti 512, jumla ni TB 2.2. Zaidi ya hapo hakuna namba.

Chukulia daftari la kikundi cha kuweka na kukopa lenye nafasi ya tarakimu mbili tu. Mwanachama wa 99 anaandikika. Wa 101 akija, katibu anaandika 01, na fedha zake zinaingia kwa mwanachama wa kwanza.

Kompyuta nayo inaweza kufanya hivyo hivyo. Data inayotakiwa kwenda mbele ya TB 2.2 inarudi kuandikwa mwanzoni mwa diski, juu ya kazi zako za zamani. Hasara yenyewe iko hapa: video ya harusi ya mtu haipigwi mara ya pili.

Ufanye nini

1. Usihamishie kazi za wateja kwenye diski mpya kabla ya kuipima, na usifute nakala za zamani.

2. Acha diski ndogo ya zamani iendelee kuwasha kompyuta. Diski kubwa iwe ya pili, ya kuhifadhia tu. Windows haiwezi kuwaka kutoka diski ya GPT bila UEFI, na kompyuta nyingi za zamani hazina UEFI.

3. Angalia Windows yako. XP ya kawaida ya biti 32 haisomi GPT. Kuanzia Vista na Windows 7 inasoma.

4. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Diski mpya ikiulizwa itumie MBR au GPT, chagua GPT. Kama ilishawekwa MBR, kuibadilisha kwa njia hii kunahitaji kufuta kila kilichomo, kwa hiyo nakili kwanza.

5. Bado inaonyesha GB 746? Programu inayounganisha kompyuta na diski imepitwa na wakati. Mwambie fundi aweke toleo jipya. Kama diski iko kwenye boksi la nje la USB la zamani, boksi lenyewe linaweza kuwa ndilo linaloishia TB 2.

6. Ijaze kwa nakala za majaribio hadi ipite TB 2.2, kisha fungua mafaili ya kwanza na ya mwisho. Yote yakifunguka vizuri, anza kazi.

Kama bado hujanunua na kompyuta yako inatumia XP, chukua diski isiyozidi TB 2. Itakutosha bila usumbufu. Na hata diski ikifanya kazi vizuri, kazi ya mteja iwe na nakala sehemu mbili, kwa sababu diski yoyote, kubwa au ndogo, huharibika.