Kwa Nini Injini ya Dizeli Hukataa Kuwaka?

Bila shaka umewahi kuona lori lililokwama kando ya njia. Dereva huwasha, injini huzunguka, lakini haiwaki. Mahindi yaliyopakiwa hunyeshewa, au mgonjwa hukosa kufikishwa hospitali. Mara nyingi watu husema, "Pampu imekufa." Lakini pampu ya nozeli ina bei kubwa, nayo si vema kuilaumu kabla ya kuchunguza. Katika somo hili utajifunza jinsi fundi anavyotafuta kasoro katika injini ya dizeli ya zamani, isiyoongozwa kwa kompyuta.

Dizeli huwakaje?

Petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Pistoni huigandamiza hewa ndani ya silinda mpaka ujazo wake uwe karibu sehemu moja ya ishirini ya ujazo wa kwanza. Hewa igandamizwapo kwa ghafla hupata joto, na joto hilo huweza kupita nyuzi 500 za Sentigredi. Ndipo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu, nayo huwaka yenyewe. Injini ya namna hii ilibuniwa na mhandisi Rudolf Diesel, naye aliifanikisha mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, Ujerumani.

Katika injini hizi za zamani, nozeli haifunguki mpaka kanieneo ya dizeli ipite mara 100 ya kanieneo ya hewa inayotuzunguka. Kanieneo hiyo hutolewa na pampu ya nozeli.

Jaribio

Chukua bomba jipya la sindano, bila sindano yake. Vuta hewa ndani, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Je, unaona nini? Sasa jaza maji, hakikisha hakuna povu hata kidogo, ziba tena na usukume.

Umeona kwamba hewa hugandamizika, lakini maji hukataa. Dizeli nayo ni kimiminika, hufanya kama maji. Hewa ikiingia katika bomba la dizeli, nguvu ya pampu huishia kuigandamiza hewa hiyo. Kanieneo haitoshi, na nozeli haifunguki. Mafundi husema kwamba gari "limeingiza upepo."

Kutafuta kasoro

Dizeli hupita njia hii: tangi, pampu ndogo ya kuvuta, chujio, pampu ya nozeli, kisha nozeli. Fundi mwema huifuata njia hiyo hatua kwa hatua, wala habahatishi.

1. Husikiliza injini inavyozunguka. Ikizunguka polepole, hewa haipati joto la kutosha. Hukagua betri na stata kwanza.

2. Hutazama kama tangi lina dizeli, na kama kifaa cha kuzimia injini hakikubaki kimefungwa.

3. Hutazama bomba la moshi wakati injini inazungushwa. Moshi mweupe ukitoka, dizeli inafika katika silinda ila haiwaki. Huenda plagi za kupasha joto zimeharibika au pistoni hazigandamizi vema. Moshi usipotoka kabisa, yaelekea dizeli haifiki.

4. Hulegeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, kisha husukuma pampu ya mkono. Povu likitoka, hewa imeingia. Huendelea kusukuma mpaka dizeli itoke safi bila povu, ndipo hukaza. Isipotoka dizeli wala povu, bomba au chujio limeziba, au pampu ndogo ni mbovu.

5. Hufanya vivyo hivyo katika pampu ya nozeli. Aghalabu injini huwaka baada ya hapo.

Kazi bado haijaisha. Hewa iliingia wapi? Kati ya tangi na pampu ndogo dizeli huvutwa, haisukumwi. Kwa hiyo ufa mdogo katika bomba hilo huweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone la dizeli. Asipouziba, gari litakwama tena kesho.

Fundi hufungua pia kizibo kilicho chini ya chujio. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini. Yakiachwa, hutia kutu pampu na nozeli.

Tahadhari

Usiweke mkono wako mbele ya nozeli wala penye bomba linalovuja injini inapozunguka. Dizeli yenye kanieneo kubwa hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Jeraha huonekana dogo kama la mwiba, lakini mtu huweza kupoteza kidole au mkono. Apelekwe hospitali mara moja. Kazi hii ni ya fundi. Wewe tazama ukiwa mbali.

Maswali

1. Kwa nini injini ya dizeli huwaka bila cheche?
2. Eleza kwa nini hewa kidogo tu huzuia nozeli kufunguka.
3. Injini yazunguka kwa kasi, wala moshi hautoki. Fundi aanze kuchunguza wapi, na kwa nini?
4. Bomba la kutoka tangini ni kavu kwa nje. Je, hiyo yatosha kuonyesha kwamba halina ufa? Toa sababu.